Uzi: Historia ya wanalishe wa Uganda ianze mwaka gani, wa kusajili chama au wa Mulago?

Sahani_Kamili (Hoima)

Salaam wakuu. Wanalishe wenzangu wa huku Bunyoro wamenitwika mzigo: niandike kurasa chache za historia ya taaluma yetu, zitoke kwenye kijitabu cha wanachama wapya. Nikaomba rasimu za vikundi vingine nione wenzetu wameandikaje. Zote zinafanana. Chama kilisajiliwa mwaka fulani, mwenyekiti wa kwanza fulani, mkutano mkuu ukafanyika hoteli fulani, halafu picha ya watu wamevaa fulana za rangi moja.

Mimi naona hiyo ni historia ya cheti cha usajili. Kazi yenyewe ni kongwe kuliko cheti chochote kilichotundikwa ukutani, na mwanachama mpya akisoma hivyo atadhani kabla ya wenyeviti hawa Uganda ilikuwa inakula tu bila mtu wa kuuliza kitu. Naweka hapa nilichonacho. Nipigeni mawe mapema kabla hakijaenda kwa mchapaji.

Mulago, hospitali kuu ya Kampala, miaka ya 1930 na 1940 ilikuwa inapokea watoto wamevimba miguu na uso, ngozi inabanduka, nywele zimepauka, mtoto hataki kucheza wala kula. Daktari Cicely Williams alikuwa ameshaueleza ugonjwa huo, ndio kwashakoo, mwaka 1933 kutoka Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Huku kwetu aliyeung'ang'ania ni Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyepitia Kenya kabla ya kuja Uganda. Mwanzoni hata yeye aliuweka kwenye fungu la pelagra ya watoto, ugonjwa wa kukosa vitamini. Wengine walisema minyoo, wengine kaswende. J.N.P. Davies, mtaalamu wa patholojia, alipochunguza maiti za watoto hao akakuta ini limejaa mafuta na kongosho limenyauka, na hapo mabishano yakaanza kupungua. Mwaka 1954 Trowell, Davies na Rex Dean wakatoa kitabu kizima juu ya kwashakoo.

Dean alikuwa anaongoza kitengo cha utafiti wa utapiamlo wa watoto, kilicholipiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, palepale Kampala. Sayansi yao ilikuwa nzuri, maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta yakaokoa watoto wengi wodini. Lakini yakaleta balaa lake. Mama alimwona mtoto anapona kwa unga mweupe unaotoka kwa daktari, akaelewa kuwa ile ni dawa. Akienda nyumbani dawa haipo, anarudia chakula kilekile, na baada ya muda mtoto yuko tena mlangoni. Wengine wakanunua chupa na maziwa ya dukani, wakayazimua kwa maji yasiyochemshwa ili yafike mwisho wa wiki. Mtoto aliyetoka na kwashakoo akarudi na nyongea, mifupa mitupu.

Mwanamugimu ilizaliwa kujibu tatizo hilo. Kitengo kilifunguliwa Mulago mwaka 1965, jina likitoka kwenye methali ya Waganda, *mwana mugimu ava ku ngozi*, kwamba afya ya mtoto inaanzia kwenye mbeleko. Mama alilazwa pamoja na mtoto, akapika mwenyewe, kwa vyakula vya sokoni kwake, akamwona mtoto anapona kwa mkono wake. Kwangu mimi huo ndio mwanzo wa lishe tiba ya Uganda. Katiba ya chama na ije baadaye.

---

Katiba_Kwanza (Kampala)

Mkuu umeandika vizuri, ila unachanganya mambo mawili. Historia ya ugonjwa si historia ya taaluma, na historia ya taaluma si historia ya chama. Chama kinazaliwa siku watu wenye ujuzi mmoja wanapoamua nani ni mwenzao na nani si mwenzao. Wamarekani walikutana Cleveland, Ohio, mwaka 1917, vita vikuu vimepamba moto na serikali inataka watu wabane chakula. Lenna Cooper na Lulu Graves ndio waliowaita, na Graves akawa rais wa kwanza. Wagonjwa walikuwa wanapikiwa hospitalini miaka mingi kabla ya hapo, lakini hakuna anayesema chama kilianza na uji wa kwanza. Waingereza nao ni 1936. Tarehe inajulikana, waanzilishi wanajulikana. Wewe unataka kutuanzishia na maiti za Mulago!

Na manesi wa Mwanamugimu usiwafanye wanalishe, nesi ni nesi. Tukisema kila aliyewahi kukoroga uji wodini ni mwanalishe, kesho tutamkataliaje yule anayeuza poda za kupunguza tumbo pale soko la Owino na kujiita dokta wa lishe?

---

Boda_ya_Stage (Mukono)

Mimi si mtu wa lishe, nauliza tu. Chama chenu kina SACCO, ile ya kuweka akiba na kukopeshana?

---

Sista_Mstaafu (Wakiso)

Wanangu, hamjambo. Nimewasoma wote wawili. Mimi nilikuwa nesi, nimestaafu zamani, na nilipitia kitengo hicho nikiwa kijana wa mafunzo. Huyu mwanangu Katiba anasema nesi ni nesi. Sawa. Basi niwaambie nesi alikuwa anafanya nini, mtamwita mnavyotaka.

Asubuhi tunakaa na kina mama nje, jikoni. Hatuanzi na hotuba. Tunamuuliza kila mmoja kwake kuna nini: huyu ana ndizi na maharagwe, huyu ana viazi vitamu na karanga, huyu anaishi karibu na ziwa anapata mukene, wale dagaa. Kila mmoja anapika alichonacho. Chakula cha mtoto tulikiita kitobero, yaani mchanganyiko. Unamenya matoke au viazi, unaweka karanga zilizotwangwa au maharagwe yaliyomenywa maganda, ukiwa na samaki au yai unatia kidogo, unafunga kwenye jani la mgomba lililobabuliwa motoni lisipasuke. Kile kifurushi unakiweka juu ya chakula cha familia, sufuria ileile, moto uleule. Mvuke unafanya kazi. Kikiiva unaponda ndani ya jani lenyewe.

Sasa angalieni hapo palivyofikiriwa. Mama hahitaji sufuria ya pili wala kuni za ziada, na hapiki mara mbili wakati ana shamba linamsubiri. Nani aliligundua hilo la jani? Wapishi wetu na kina mama walikuwa wanapika luwombo, mchuzi unaoivia ndani ya jani la mgomba, na vifurushi vya majani kabla hawajamwona profesa. Profesa alijua protini. Waliojua namna ya kuiingiza kwenye sufuria ya Muganda walikuwa wale wanawake wa jikoni, na majina yao siyaoni kwenye kitabu chochote.

Tena mama aliyepona na mwanawe tulimweka aongee na aliyeingia jana. Huyo aliaminiwa kuliko sisi wenye kofia nyeupe.

---

Sahani_Kamili (Hoima)

Sista, asante sana, shikamoo. Hilo la sufuria moja naomba ruhusa yako nilitumie.

@Katiba_Kwanza, umezitaja Cleveland na Uingereza, nami nakujibu kwa hao hao. Uingereza, mtu wanayemtaja kama wa kwanza kushika kazi ya mwanalishe hospitalini ni Ruth Pybus, Edinburgh, mwaka 1924. Alikuwa nani? Sista wa wodi. Miaka 12 kabla ya chama chao kuwapo. Na wanapoandika historia yao hawamfichi eti hakuwa na kadi ya uanachama, wanamweka mbele kabisa. Insulini ilikuwa imetoka miaka michache tu nyuma, wagonjwa wa kisukari wanahitaji mtu wa kupima chakula kwa mizani, na aliyekuwepo wodini ni nesi. Ndivyo kazi hii ilivyozaliwa kwao. Kwa nini kwetu iwe haramu?

---

Busia_Zote_Mbili (Busia)

Mimi nafanya kazi upande wa Kenya, nalala upande wa Uganda, hivyo naona nyumba zote mbili. Wenzangu, msibishane juu ya mwaka mkasahau sheria. Kenya ilipitisha Sheria ya Wanalishe namba 18 ya mwaka 2007, ikaunda taasisi ya kuwasajili, KNDI. Sasa ukitaka kazi hospitalini unaulizwa namba ya usajili, na leseni inahuishwa. Ina kelele zake, ada zinalalamikiwa kila mwaka, mitihani inalalamikiwa, lakini muuza poda akijiita mwanalishe kuna mlango wa kugonga.

Tanzania walipita njia nyingine. Wao walianza na serikali: Taasisi ya Chakula na Lishe ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na leo kila halmashauri unasikia afisa lishe. Mpango wa Iringa wa miaka ya 1980, wa kupima watoto kijijini na wanakijiji wenyewe kujadili matokeo, ulisifiwa dunia nzima. Chama cha taaluma hakikuwa mbele, serikali ilikuwa mbele.

Uganda nyinyi mlikuwa na wodi bora kuliko wote hao, na mpaka leo hamna sheria ya taaluma kama ile ya Kenya. Hilo ndilo swali ambalo kijitabu kinatakiwa kujibu. Kwa nini?

---

Katiba_Kwanza (Kampala)

Hapo sasa tunaongea lugha moja. Ile "kwa nini" ya Busia ina majibu mawili ninayoweza kuyasimamia.

La kwanza ni miaka ya 1970. Mwaka 1972 Amin anawafukuza Waasia, walimu wa kigeni Chuo Kikuu cha Makerere wanafunga mizigo, wataalamu wa Uganda wenyewe wanakimbilia Nairobi, Lusaka na Uingereza. Kitengo cha utafiti cha Waingereza, ambacho baada ya Dean kilikuwa chini ya Roger Whitehead, kikafika mwisho, na mwaka 1973 Whitehead akaenda kuongoza kitengo cha lishe Cambridge. Ule ndio muongo ambao chama kingezaliwa. Chama kinataka watu wa rika moja wakae mji mmoja miaka kumi wakigombana kwenye mikutano. Sisi rika hilo lilitawanyika. Halafu ikaja vita ya msituni ya Luwero miaka ya 1980, na vijiji vya Bulemeezi, eneo hilohilo, ambako elimu ya Mwanamugimu ilikuwa imepelekwa ndivyo vilivyochomwa.

La pili ni mahali tunapofundishiwa. Makerere lishe iko kwenye chuo cha kilimo, pamoja na teknolojia ya chakula, wala haiko shule ya tiba. Chuo Kikuu cha Kyambogo wana shahada yao ya lishe na lishe tiba. Matokeo yake mhitimu mmoja anajiona mtu wa kilimo, mwingine mtu wa hospitali, wa tatu anaajiriwa na shirika na kazi yake ni kuandika ripoti. Ukiwaita mkutano mmoja, nusu saa ya kwanza wanabishana chama kiwe chini ya wizara ipi. Wabunge wakiona hivyo wanaweka faili kando.

---

Sista_Mstaafu (Wakiso)

Mwanangu Katiba, umesema kweli kuhusu waliokwenda. Waliobaki mbona umewaruka? Mwanamugimu haikufungwa. Miaka ile sabuni ilikuwa dhahabu, sukari unapanga foleni, maziwa ya unga ya kutoka nje hayafiki, na mshahara ukiupata unatosha mkungu wa matoke. Watoto waliendelea kuja. Kilichowatibu ni kile kitobero, kwa sababu hakikutegemea meli wala ndege. Maprofesa wangekuwa wametuachia tiba ya maziwa peke yake, tungefunga wiki ya kwanza.

Kama unatafuta rika lililokaa mji mmoja likigombana, lilikuwepo. Lilikuwa la manesi, wapishi na wasaidizi wa lishe. Halikuandika muhtasari wa mkutano, basi.

---

Sahani_Kamili (Hoima)

Naomba mniache nikae na posti hii ya Sista kwa muda.

---

Musawo_Kyangwali (Kikuube)

Habari zenu. Mimi niko kambi ya wakimbizi ya Kyangwali, kina mama wengi ninaowahudumia ni wa kutoka Ituri na Kivu, kwa hiyo kazi yangu yote naifanya kwa Kiswahili, Kiswahili cha Kongo hasa. Niongeze sura ambayo nyote hamjaigusa.

Leo utapiamlo mkali una utaratibu wa kimataifa. Unazungusha utepe kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko. Chini ya sentimita 11.5, kwa mtoto wa miezi 6 mpaka 59, ni mkali. Kati ya hapo na 12.5 ni wa wastani. Unabonyeza sehemu ya juu ya nyayo zote mbili kwa vidole gumba, ukihesabu taratibu, uone kama shimo linabaki, dalili ya uvimbe. Asiye na matatizo mengine na mwenye hamu ya kula anapewa pakiti za siagi ya karanga, chakula dawa, zenye gramu 92 na kilokalori 500 kila moja, anakwenda nyumbani. Mwenye matatizo analazwa, anaanza na maziwa ya tiba ya F-75, akitulia anahamia F-100. Inaokoa maisha, sina ugomvi nayo.

Lakini someni tena posti ya kwanza ya huu uzi. Mama anaona mtoto anapona kwa pakiti inayotoka kwa musawo, yaani mganga. Ni yale yale ya maziwa ya Dean! Pakiti zikikatika, na ufadhili ukipungua zinakatika kweli, mama ananiuliza: dawa ya mwanangu inakuja lini? Nyumbani ana fufu (ugali) ya muhogo na sombe, yaani kisamvu. Sombe ile anaitwanga vizuri, anaipika na mawese, ni chakula kizuri. Anakosa maharage na karanga za kuchanganya, au anazo ila anaziuza apate sabuni. Mwezi uliopita mama mmoja wa Bunia alinibishia mbele ya wenzake kuwa mtoto mdogo hawezi kula maharage, tumbo litajaa hewa. Sikumjibu. Jirani yake alikwenda akaleta maharage yaliyolowekwa usiku kucha na kumenywa maganda, akayaponda na sombe, akamlisha mwanawe palepale. Yule wa Bunia akaomba kuonja.

Sasa huyo jirani ni nani kwenye historia ya taaluma? Kuna wahudumu wa afya wa kijiji, VHT, wanaopima mikono ya watoto nyumba kwa nyumba, wengi bila mshahara. Mkianzia cheti cha usajili, hawa nao watasahaulika kama wapishi wa Sista.

---

Katiba_Kwanza (Kampala)

Sipingi, ila niulize swali gumu. Udumavu wa watoto chini ya miaka mitano kwenye ripoti za kitaifa ulikuwa asilimia 38 mwaka 2006, 33 mwaka 2011, 29 mwaka 2016, 26 mwaka 2022. Kuna anayeweza kusema kwa uhakika sehemu gani ya kushuka huko ni kazi ya wanalishe, na sehemu gani ni barabara, shule za wasichana na mahindi kupatikana? Katiba ya nchi ya 1995 inaitaka serikali ihimize lishe bora kwa elimu ya umma. Sera ya chakula na lishe ni ya 2003. Mpango wa kitaifa wa lishe ukaja 2011. Karatasi tunazo. Chama chenye nguvu ndicho kinachokwenda bungeni kila bajeti kuuliza karatasi hizo zimelipiwa kiasi gani. VHT wa Kyangwali hawezi kwenda. Sista hawezi kwenda. Ndiyo maana nashikilia siku ya usajili: siku hiyo ndiyo tulipopata mdomo.

---

Lishe_Tiba_Mbarara

Mdomo tulioupata ni wa kuomba kiti tu. Hospitali moja niliyofanyia kazi, siitaji, waliniweka kwenye orodha ya watumishi wa jikoni. Raundi ya asubuhi ya madaktari siitwi. Mgonjwa wa figo wa kusafishwa damu ana potasiamu ya juu, na familia inamletea matoke na juisi ya ndizi kila siku kwa upendo, hakuna aliyewaambia kuwa ndizi zina potasiamu nyingi. Nilijua kwa kupita tu na kuona flaski kando ya kitanda. Nikaandika kwenye faili, nikaulizwa nani kakupa ruhusa ya kuandika humu.

Mimi nataka sheria ya aina ya Kenya hata kesho. Lakini naungana na Sahani kuhusu mwanzo. Ukienda bungeni ukasema taaluma yetu ilianza juzi tuliposajiliwa, mbunge atakuambia subirini zamu yenu, nyinyi bado wachanga. Ukisema tulikuwa Mulago tangu 1965 na tulibaki pale wakati wengine wote wameondoka, anakaa vizuri kwenye kiti.

---

Katiba_Kwanza (Kampala)

Hiyo hoja ya Mbarara ni ya kisiasa, na kwa sababu ni ya kisiasa naikubali haraka kuliko zile za kihistoria 😂

---

Busia_Zote_Mbili (Busia)

Katiba kainama! Andikeni tarehe.

---

Boda_ya_Stage (Mukono)

Hakuna aliyenijibu la SACCO. Na jingine: hayo maharagwe kumenywa maganda, mama watoto anasema ni kazi ya siku nzima. Kuna njia fupi?

---

Sista_Mstaafu (Wakiso)

Ssebo, yaloweke tangu jioni, asubuhi yamwagie maji ya moto, yasugue kwa viganja ndani ya karai. Maganda yanaelea, unayamwaga na maji. Ya watu watano hayakumalizii nusu saa. Na wewe mwenyewe una mikono, mwachie mama watoto apumzike.

---

Sahani_Kamili (Hoima)

Boda, SACCO ipo, wanachama ndio hawalipi.

Wakuu, nimeamua hivi. Sura ya kwanza ni wodi na maziwa, fupi, kwa sababu hao madaktari wameshaandikwa sana. Ya pili, ndefu kuliko zote, ni jikoni la Mwanamugimu na miaka ya 1970. Sista, Jumamosi nitakuwa Wakiso, nitakuja na kinasa sauti, na ukiwa na wenzako watatu wanne wa zamani waite, nauli naleta mimi. Nataka majina ya wapishi, hata kama ni jina moja moja. Ya tatu ni kambi na VHT, Musawo utaniandikia kurasa mbili kwa Kiswahili hichohicho cha kwako. Usajili wa chama na habari za sheria ni sura ya nne, nampa Katiba aandike.

---

Katiba_Kwanza (Kampala)

Ya nne?? Na picha za fulana?

---

Sahani_Kamili (Hoima)

Picha moja. Ukurasa wa mwisho.